Siri ya Oshadi na Mama Yake

Kwa kina Oshadi, siku ilianza kwa sauti ya mbuzi ya kukunia nazi. Bibi Punchimenike aliamka wa kwanza, na jua lilipochomoza juu ya bwawa la Kumbukwewa tayari alikuwa na bakuli zima la nazi na pilipili. Oshadi, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliteka ndoo mbili za maji kisimani, kisha akaanza kumtafutia mdogo wake Dineth kiatu kimoja. Dineth alikuwa na miaka mitano, na hakuna siku aliyoamka akiwa na viatu viwili.

Wakati huo baba yao, Wimalasiri, alikuwa shambani na trekta la mkono akilima mabonde ya mpunga. Mama yao, Ranmali, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa jikoni akiwapakulia watu wote wali na dengu. Yeye mwenyewe alikula mwisho, kilichobaki chunguni.

Kila mwezi Mama alirudi kutoka kliniki na pakiti mbili za unga wa lishe. Ulikuwa wake, kwa ajili yake na mtoto aliye tumboni. Oshadi alilijua hilo vizuri. Lakini siku moja alitoka shule na njaa, akachota vijiko viwili, akauchanganya na nazi na sukari guru, akaufinyanga vidonge vidogo kama kokwa. Utamu wake haukuwa na mfano. Kesho yake akachota vijiko vinne. Wiki ya pili ilipokwisha, pakiti moja ilikuwa imekwisha pia, na ya pili ilianza kulegea.

Siku iliyofuata Mama alimkuta nyuma ya jiko, karibu na migomba, mashavu yamemjaa.

"Oshadi! Unatafuna nini?"

"Mm-mm."

"Mm-mm ndiyo nini? Hebu fungua mdomo."

Oshadi alifungua, na unga ukamwagika kidevuni mpaka kwenye tai yake ya shule. Mama alijaribu kukasirika. Alikunja uso, akaweka mikono kiunoni, lakini kicheko kikamshinda, akacheka mpaka ikabidi ashikilie mgomba.

Hapo ndipo Oshadi alipouona mkono wa mama yake. Katikati ya kiganja palikuwa na vidonge viwili vyekundu, vile vya kuongeza damu. Na chini ya mgomba udongo ulikuwa umetifuliwa upya.

"Na wewe, Mama? Wewe unafanya nini huku?"

Kicheko cha Mama kilikatika. Aliangalia nyuma, akashusha sauti. "Vikishuka tu tumboni, naona kila kitu kinapinduka. Juzi nilitapika mpaka macho yakaingia giza. Siviwezi, mwanangu."

"Nesi anajua?"

"Nesi Somalatha anazunguka juani nyumba kwa nyumba kwa ajili yetu. Nikamwambie kwamba dawa anazoniletea nazizika? Nitaiweka wapi sura yangu?"

Walitazamana, mmoja na unga kidevuni, mwingine na vidonge mkononi.

"Basi," alisema Oshadi, "mimi sisemi lako, na wewe usiseme langu."

Mama alisita kidogo, kisha akacheka tena, safari hii polepole. Wakafungamanisha vidole vyao vidogo. Oshadi alirudi ndani akiona fahari. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa na jambo la yeye na mama yake peke yao, ambalo Baba hakulijua, wala Bibi, ambaye kwa kawaida alijua hata kuku yupi atataga kesho.

Jumamosi iliyofuata, Nesi Somalatha alifika na skuta yake, mwavuli umefungwa ubavuni na mkoba mweusi umening'inia mbele. Alikuwa mkunga wa kijiji kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyewapa chanjo zao za utotoni Oshadi na Dineth, na hakuna nyumba Kumbukwewa ambayo mlango wake wa jikoni hakuujua.

Hakuanza na Mama. Alizunguka kwanza nyumba nzima. Aliangalia kama kisima kimefunikwa, akachungulia choo, akapindua kifuu kilichokuwa kimejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu. Aliitazama kadi ya chanjo ya Dineth. Kisha akamfunga Bibi kipimo cha presha.

"Bibi, chumvi umepunguza?"

"Nimepunguza sana. Siku hizi naweka kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo mara ngapi?"

"Aa, sasa hapo unanidadisi kama polisi!" Bibi aliguna, akahamisha tambuu kwenye shavu la pili.

Ndipo zamu ya Mama ikafika. Nesi alimpima uzito, akampima tumbo kwa utepe, akaweka juu ya tumbo kijipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto na kumwita Dineth asogeze sikio.

"Unasikia nini?"

Dineth alitoa macho. "Anakimbia! Anakimbia kama trekta la Baba!"

Wote walicheka. Lakini Nesi alipomvuta Mama kope ya chini na kuiangalia, hakucheka tena. Ndani ya kope palikuwa peupe kama wali. Alifungua daftari na kutoa karatasi ya majibu ya kliniki.

"Ranmali, mwezi uliopita damu yako ilikuwa kumi. Sasa ni nane na nusu. Vidonge unakunywa?"

"Nakunywa, Nesi."

"Vyote?"

Mama aliingia ndani akarudi na karatasi tupu za vidonge, zote zimetobolewa. Nesi akazihesabu. Hazikupungua hata moja.

"Na unga wa lishe?"

"Nakula."

Oshadi aliangalia vidole vya miguu yake.

Wakati huo Baba alikuwa amerudi kula chakula cha mchana, matope yamemfika magotini. Nesi alivua miwani, akamwomba aketi.

"Wimalasiri, nakuambia wazi. Mtu anakunywa dawa, anakula unga, na damu bado inashuka. Maana yake kuna kitu kinaila hiyo damu, na mimi sikijui. Huenda ni ugonjwa wa damu wenyewe. Huenda ni figo. Jumatatu nataka aende hospitali kubwa ya wilaya, alazwe, wamchunguze."

"Atalazwa siku ngapi?"

"Siwezi kukudanganya. Sijui."

Baba aliketi kwenye ngazi bila kunawa miguu. Bibi aliacha kutafuna. Oshadi alimtazama mama yake, akimsubiri aseme. Mama alifungua mdomo. Akamtazama mumewe, akamtazama mkwewe, akamtazama Nesi aliyekuwa akiandika barua ya hospitali. Mdomo ukajifunga.

Nesi aliaga. Alisema anakwenda upande wa pili wa bwawa, kwa kina Yasodha, aliyesoma na Oshadi, kumwona mtoto mchanga, kisha Jumatatu asubuhi ataleta gari mwenyewe.

Skuta ilipoondoka, Oshadi alikwenda kisimani kuteka maji ya kunawa Baba. Alimkuta hapo tayari. Alikuwa akijimwagia maji usoni, tena na tena, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mgongoni mwake kama vile bado ni mtoto.

"Mama yake Ranmali alikufa akimzaa yeye," Baba alisema. "Unajua hilo. Damu ilimwishia. Na sasa Ranmali naye..."

"Nyamaza," Bibi alimkatiza. "Usitamke jambo hilo nyumbani kwangu."

Oshadi aliiweka ndoo chini bila kelele. Hakujua habari hiyo. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi yake mwingine alikufaje. Ghafla ule unga aliokula ulimrudia kooni, na haukuwa mtamu. Aligeuka, akakimbia.

Barabara ya skuta ilizunguka bwawa lote, lakini palikuwa na njia ya mkato katikati ya mashamba. Oshadi alikimbia juu ya matuta membamba ya mpunga, kandambili moja ikazama matopeni, akaiacha. Alipanda ukingo wa bwawa akitweta, na skuta ndiyo kwanza ilikuwa inatokeza.

"Nesi! Nesi, simama!"

Nesi Somalatha alifunga breki. "Vipi, mtoto? Mama ameanguka?"

"Hapana. Unga..." Oshadi hakupata pumzi. "Ule unga wa Mama, nimekula mimi."

"Umekula kiasi gani?"

"Wote. Karibu wote. Dineth naye alikula, lakini ni mimi niliyempa."

Uso wa Nesi ulibadilika. Alishuka kwenye skuta haraka, akamshika Oshadi mabega mawili. "Na vidonge? Vile vyekundu? Niambie, Dineth amekula vidonge? Vile kwa mtoto ni sumu!"

"Hapana! Vidonge hakuna mtu aliyekula!"

Neno lilishatoka. Oshadi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hakuna mtu aliyekula," Nesi alirudia polepole.

Hapo Oshadi alilia. Alilia kwa kwikwi, mguu mmoja na kandambili, mwingine na matope. "Usimwambie Mama kwamba nimesema. Tuliahidiana."

Nesi alifungua mwavuli wake, akamfunika kwa kivuli mpaka kilio kilipotulia. "Sitamwambia," alisema. "Nitamuuliza upya, vizuri zaidi. Labda mara ya kwanza mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Haya, panda nyuma, ushike kiuno changu."

Nyumbani, Nesi aliwaambia watu amesahau kitu. Hakuketi barazani tena. Aliingia moja kwa moja jikoni, akavuta kibao, akakaa chini karibu na Mama aliyekuwa akipuliza moto usiohitaji kupulizwa.

"Ranmali, hebu nikuulize. Vile vidonge vinakufanyaje?"

Mwanzi wa kupulizia moto ukamtoka Mama mkononi. "Vinanitapisha, Nesi. Sijavinywa. Tangu mimba ilipofika miezi mitano sijavinywa, nimevifukia chini ya mgomba." Akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Niliona aibu kukwambia. Wewe unatuhangaikia, mimi nakudanganya."

Oshadi, aliyekuwa mlangoni, alingoja Nesi afoke. Lakini Nesi alicheka kidogo.

"Nina watoto watatu," alisema. "Mimba ya pili, na unesi wangu wote, vidonge nilivitupa bwawani. Samaki wa bwawa lile walikuwa na damu nzuri kuliko mimi. Mpaka daktari mmoja aliponiuliza swali ambalo nimekuuliza wewe sasa hivi. Sasa niambie, ulikuwa unavinywa saa ngapi, na nini?"

"Asubuhi kabla sijala. Na chai ya rangi."

"Chai namtengenezea mimi!" Bibi alidakia kutoka nyuma, maana muda wote huo alikuwa amesimama hapo. "Nzito, na sukari guru, imtie nguvu."

"Bibi, chai na vidonge hivyo havipatani. Chai inazuia madini ya dawa, yasiingie mwilini. Hata vingekaa tumboni, faida ingekuwa kidogo."

Bibi alishika kidevu. "Kumbe mkwe wangu nilikuwa namroga kwa kikombe!"

Nesi aliwaita wote barazani, hata Dineth. Alisema barua ya hospitali kubwa ataishikilia kwa wiki tatu, kwa sharti moja, kwamba nyumba nzima iitunze mimba hii, si Mama peke yake. Alitoa vidonge vipya mkobani: kimoja tu kwa kuanzia, jioni baada ya kula wali, na maji ya ndimu. Tumbo likizoea, viwe viwili. Mboga za majani kila siku, na dagaa wakavu, na yai. Na Mama asile mwisho.

"Akila mwisho anakula nini?" Nesi alimuuliza Baba.

Baba alifikiri. Alionekana kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo limekuwa mbele ya macho yake miaka yote. "Sijui," alisema. "Sijawahi kuangalia." Kisha akainua kichwa. "Kuanzia leo sahani ya Ranmali napakua mimi."

"Na baada ya wiki tatu damu ipimwe. Ikipanda, tumejua tatizo lilikuwa wapi. Isipopanda, hospitali kubwa, na sitaki ubishi."

Nesi alipoondoka, Baba alibaki akiwatazama mkewe na bintiye. Wote wawili walikuwa wamekwisha kumweleza makosa yao, kila mmoja lake.

"Mimi nilikuwa kisimani nalia kama mtoto," alisema, "na nyinyi mmeshikana vidole."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana maneno yaliwachoma zaidi. Mama alimwomba radhi. Oshadi alipiga magoti, akagusa miguu ya Baba kwa heshima, na miguu bado ilikuwa na matope. Baba alimwinua kwa sikio, taratibu, akamkumbatia.

Baadaye, wakichambua mboga, Oshadi alimnong'oneza mama yake. "Mama, mimi ndiye niliyesema. Ilinitoka."

"Najua. Nesi Somalatha hajawahi kusahau kitu tangu nimjue." Mama aliendelea kuchambua. "Pale barazani nilitaka kusema, ulimi ukanisaliti. Ulinisemea nilipokuwa siwezi. Nakushukuru, mwanangu."

Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu. Mama alikunywa kidonge, akaketi kwenye ngazi akihema, na Oshadi akampepea kwa jani la mgomba huku Dineth akimwimbia nyimbo zote alizojua, ambazo zilikuwa mbili. Siku ya nne tumbo lilitulia. Baba naye alipakua sahani mlima kwa mlima, mpaka Mama akalalamika: "Bwana, nina mimba ya mtu, si ya ndovu!" Unga mpya wa lishe kutoka kliniki Oshadi aliukoroga mwenyewe kila alasiri, akampa mama yake mkononi, na alikaa hapo mpaka kijiko cha mwisho. Harufu ilimjaribu. Siku mbili tatu ilibidi aangalie pembeni.

Habari hazikosi miguu. Shuleni Yasodha alimngoja kwenye bomba la maji, mbele ya wenzao. "Oshadi, eti ni kweli ulimwibia chakula mtoto wa tumboni?"

Wasichana walicheka. Masikio ya Oshadi yalipata moto. Lakini alikuwa amechoka kuficha.

"Ni kweli," alisema. "Nilikula unga wote. Sasa namkorogea Mama kila siku."

Yasodha alikuwa na maneno mengine tayari, lakini hayakupata pa kushika. Alifunga bomba, akasema, "Kwetu kuna mapera mengi. Nesi alimwambia dada yangu yanasaidia dawa ya damu." Kesho yake alileta mfuko mzima.

Wiki tatu zilipotimia, damu ya Mama ilikuwa tisa na nusu. Wiki nne baadaye ilikuwa kumi na nukta saba. Nesi Somalatha aliichana ile barua mbele yao, na Bibi akaomba vipande avitie motoni mwenyewe.

Mtoto alizaliwa hospitali ya wilaya, asubuhi ya mvua, msichana wa kilo tatu kasoro kidogo, mwenye nywele nyingi na sauti kubwa. Mama alivuja damu kuliko kawaida, na Baba alisimama ukumbini akiwa amefumba macho. Baadaye daktari alimwambia, "Kama angeingia hapa na ile damu ya nane, tungekuwa tunazungumza mengine."

Siku ya tano Nesi alikuja nyumbani kuwatazama. Alimpima mtoto, akaangalia kitovu, akamfundisha Oshadi namna ya kumbeba bila kichwa kuning'inia. Oshadi aliketi mkekani na mdogo wake mapajani, hathubutu hata kupiga chafya.

"Nesi," aliuliza kwa sauti ndogo, "kuvunja ahadi ni vibaya?"

Nesi aliweka mkoba chini. Alijua swali hilo lilikuwa limengoja muda mrefu.

"Ahadi njema ni ya kutimizwa, Oshadi. Lakini sikiliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nina mizani, nina utepe, nina kipimo cha presha, na vyote hivyo havioni jambo ambalo watu wa nyumba wamelifunika. Ulimtunzia Mama siri kwa sababu unampenda, nami sikulaumu. Ila kumpenda mtu si kumfichia kila kitu. Siri ya furaha itunze mpaka kesho. Siri inayoumiza mwili wa mtu, ipeleke haraka kwa anayeweza kusaidia, hata kama unalia njiani."

Bibi, mlangoni, alitikisa kichwa kukubali. Nesi alikwisha kuchukua mkoba wake na kuinuka, Mama alipomwita kutoka kitandani.

"Nesi, usiende kwanza. Leo sitaki kuulizwa. Ziwa langu la kushoto linauma tangu jana, na limekuwa gumu."

Nesi Somalatha alirudi, akaketi kando ya kitanda, na uso wake wote ulikuwa tabasamu.

"Haya," alisema akifungua daftari, "sasa tunaweza kufanya kazi."